Kusafiri "kwenda Kenya" ukiwa Kenya: umaskini na koo Kaskazini Mashariki

Mtu anayepanda basi Mandera kuelekea Nairobi husema anakwenda Kenya. Husema hivyo bila mzaha wala uasi, kama mtu wa Lamu asemavyo anakwenda bara. Wakenya wa upande wa pili wakiyasikia maneno hayo hukasirika, kisha hutoa maelezo yaliyozoeleka: watu wa kule hawajawahi kujiona Wakenya, kazi yao ni kupigana ukoo kwa ukoo, nchi yao ni kame, basi umaskini wao usimshangaze mtu.

Maelezo hayo hayakosi chembe ya ukweli, lakini yamepangwa kinyume. Yanaanza na tabia za watu na kuishia kwenye barabara mbovu. Ukifuata tarehe utakuta kwamba barabara, soko na kitambulisho ndivyo vilivyonyimwa kwanza, na mengi yanayoitwa leo ukabila wa kaskazini yalikomaa baadaye, watu wakigombania kile kidogo kilichofika.

Eneo lenyewe ni kaunti tatu: Garissa, Wajir na Mandera. Hadi 2013 zilikuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Wakazi wengi ni Wasomali wa koo mbalimbali: Ogaden, Degodia, Ajuran, Garre, Murule na nyingine, pamoja na jamii ndogo kama Wamunyoyaya na Wamalakote kandokando ya Mto Tana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 Garissa, 781,263 Wajir na 867,457 Mandera. Kutoka Nairobi hadi mji wa Mandera ni kama kilomita 1,000, na sehemu kubwa ya safari hiyo kwa miaka mingi imekuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua.

Umaskini wake una takwimu. Utafiti wa kitaifa wa bajeti za kaya wa 2015/16 ulikuta asilimia 36.1 ya Wakenya wakiishi chini ya mstari wa umaskini. Mandera ilikuwa asilimia 77.6, Garissa 65.5, Wajir 62.6. Nyeri, katika nchi hiyo hiyo na chini ya bendera hiyo hiyo, ilikuwa 19.3. Kipimo hiki hutazama matumizi ya kaya, kwa hiyo hakimwoni vizuri ngamia aliyesimama malishoni. Kuna mzee Wajir anayehesabiwa maskini ilhali kundi lake lingenunua nyumba ya ghorofa Eastleigh, Nairobi. Ila kundi hilo ni benki isiyo na bima. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikatika misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa katika maeneo kame ya Kenya. Aliyekuwa tajiri mwezi wa Machi alikuwa kwenye foleni ya mahindi ya msaada kabla mwaka haujaisha.

Tuanze na ukoloni, maana hapo ndipo mlango ulipofungwa, tena kwa kufuli la kisheria. Mwaka 1926 Waingereza walilitangaza eneo lote la mpaka wa kaskazini, lile ambalo wazee bado huliita NFD, kuwa eneo lililofungwa. Kuingia au kutoka kulihitaji kibali. Sheria nyingine ya 1934 iliwapa wakuu wa utawala uwezo wa kukamata watu na kutwaa mali ya kabila zima lililohesabiwa kuwa adui. Ng'ombe wa kaskazini waliwekewa karantini ya mara kwa mara, hatua iliyowafaa sana walowezi wa nyanda za juu waliokuwa na ng'ombe wao wa kuuza. Na ndani ya eneo lenyewe serikali ilichora mstari wa kuwatenga Wasomali na Waborana, kila mmoja na malisho yake na visima vyake. Watu waliokuwa wakipishana kwa msimu, wakioana na kugombana na kupatana, wakageuzwa majirani wenye mpaka. Ukoo ulikuwepo kabla ya Mwingereza. Jipya lilikuwa kuufanya ukoo kuwa cheti cha kuruhusiwa kunywesha mifugo.

Uhuru ulipokaribia, tume iliyotumwa na Uingereza mwaka 1962 ilizunguka NFD na kukuta kwamba Wasomali wengi walitaka kujiunga na Somalia. Uingereza haikufuata maoni hayo. Machi 1963 ilitangaza kwamba eneo la Wasomali lingekuwa mkoa wa saba wa Kenya, Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na London, na wakazi wengi wa mkoa mpya wakasusia uchaguzi wa Mei. Juni mwaka huo Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya wa Isiolo, na Chifu Haji Galma Dido wakauawa. Tarehe 28 Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera kupandishwa, serikali ya Jomo Kenyatta ikatangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki.

Vita vilivyofuata, baina ya jeshi la Kenya na wapiganaji waliotaka kujiunga na Somalia, huitwa vya Shifta. Viliisha rasmi Oktoba 1967 kwa makubaliano ya Arusha yaliyosimamiwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Kilichowafilisi watu wengi, kuliko risasi zenyewe, ni mpango wa kuwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa na askari. Ngamia hawezi kuishi kwa kuzunguka kambi. Mifugo ilikufa kwa njaa na magonjwa, mingine ikapigwa risasi, na maelfu ya watu wakatoka vitani bila mnyama hata mmoja katika nchi ambayo haikuwa na ajira nyingine. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda katika vita hivyo.

Katikati ya vita hivyo ndipo ilipoandikwa karatasi ambayo, kwa maoni yangu, imeumiza kaskazini kuliko bunduki: Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika. Mantiki yake ilikuwa nyepesi na ilisikika ya busara. Fedha za maendeleo ni chache, basi ziwekwe mahali zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Faida ikipatikana huko ndiyo itakayosaidia sehemu nyingine baadaye. Soma masharti hayo ukiwa umesimama Wajir. Barabara hakuna kwa sababu eneo lilifungwa. Kwa kuwa barabara hakuna, fedha haziji. Kwa kuwa fedha haziji, barabara haijengwi. Na kigezo cha watu walio tayari kupokea maendeleo kiliandikwa wakati jeshi likiwa linapigana na watu hao hao. Hiyo "baadaye" haikuwekewa tarehe.

Matokeo yake yalionekana hadi chooni. Mji wa Wajir uko juu ya maji yaliyo karibu sana na uso wa ardhi, na visima vyake ndiyo sababu mji upo. Choo cha shimo kinachafua kisima. Mji uliohitaji mfumo wa majitaka haukujengewa, ukabaki na vyoo vya ndoo: ndoo inawekwa chini ya kiti, mtu anapita na mkokoteni wa punda kuzikusanya na kwenda kuzimwaga nje ya mji. Vyoo hivyo viliendelea kutumika hata baada ya nchi kutimiza miaka 50 ya uhuru. Lami kwenye mitaa ya Wajir na Mandera nayo ilisubiri serikali za kaunti.

Hali ya hatari haikuondolewa vita vilipokwisha. Iliendelea hadi 1991. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba kwa karibu miaka 28 Mkenya wa Garissa alitawaliwa kwa kanuni tofauti na Mkenya wa Nyeri. Ndani ya kipindi hicho ndipo yalipotokea mauaji ya Garissa mwaka 1980 na ya Wagalla mwaka 1984. Wagalla inastahili kusimuliwa kwa uangalifu kwa sababu inaonyesha jinsi serikali ilivyoingia katika ugomvi wa koo. Degodia na Ajuran walikuwa wakipigana. Serikali ilitaka Degodia wasalimishe silaha. Badala ya kuwatafuta wenye bunduki, tarehe 10 Februari vikosi viliwakusanya wanaume wa Degodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje kidogo ya mji wa Wajir, vikawaacha juani kwa siku kadhaa bila maji, wengine wakapigwa risasi. Serikali ilishikilia kwamba waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilikadiria idadi kukaribia elfu moja, pengine zaidi.

Kosa la mtu likishakuwa kosa la ukoo, ukoo ndio pekee unaobaki wa kukukinga. Huo ndio mzizi ambao wahubiri wa umoja wa taifa huuruka. Mtu aliyeona serikali ikiwaadhibu watu kwa ukoo hatashawishika na bango linalomwambia asahau ukoo wake.

Kisha kuna kitambulisho. Mwaka 1989 serikali ya Daniel arap Moi iliendesha uchunguzi wa Wasomali wa Kenya, ikawapa waliokubaliwa kadi ya ziada ya waridi kuthibitisha kwamba ni raia. Kadi ilikufa, desturi ikabaki. Kijana wa Kakamega akifika miaka 18 humwona chifu, hupigwa picha, hungoja. Kijana wa Mandera alipelekwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa wa usalama akaulizwa babu yake alizikwa wapi, ukoo wake ni upi, mzee gani anamjua. Angalia ajabu iliyopo hapo: serikali inayokemea ukoo ndiyo iliyomtaka kijana ataje ukoo ndipo apate karatasi ya utaifa. Na penye udhia penyeza rupia. Kamati hizo zililalamikiwa miaka na miaka kwa kudai hongo. Wako pia makumi ya maelfu ya Wakenya waliojiandikisha kama wakimbizi katika kambi za Dadaab wakati wa ukame ili wapate chakula, na baadaye wakakuta alama zao za vidole zimewafungia nje ya uraia. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba uchunguzi huo wa ziada umefutwa. Bila kitambulisho hufungui akaunti ya benki, huajiriwi, hupigi kura, na kwenye kizuizi cha daraja la Garissa unashushwa basini. Hesabu ya umaskini ingefaa iongezwe safu ya siku za kazi zilizopotea hapo.

Sasa koo zenyewe. Zinapigana, ndiyo, na si kwa sababu ya serikali pekee. Maji na malisho ni machache. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo matatu yaligongana Wajir: ukame mkali, silaha zilizomwagika kutoka Somalia baada ya Rais Siad Barre kuanguka 1991, na uchaguzi wa vyama vingi wa 1992 uliofanya kila kiti cha bunge kuwa mali ya ukoo fulani. Watu waliuana mjini na malishoni.

Waliovunja mzunguko huo walianzia sokoni. Wanawake, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, waliona kwamba mama wa ukoo huu hauzi tena maziwa kwa mama wa ukoo ule, na kwamba soko likigawanyika kabisa vita vitakuwa vimehamia kwenye chakula cha watoto. Wakajipanga kulisimamia soko: mwanamke yeyote anauza na kununua kwa yeyote, na akizuiwa jambo linaletwa kwao. Baada ya hapo wakawafuata wazee, na ili kutowaudhi wa koo kubwa walimtumia mzee wa ukoo mdogo awe msemaji. Mwaka 1993 wazee wakatia sahihi Azimio la Al-Fatah. Kazi hiyo ikageuka kuwa kamati ya amani ya wilaya, iliyowaweka wanawake, wazee, vijana na maafisa wa serikali kwenye meza moja, na mfano huo ukaigwa kwingine nchini. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki mwaka 2011.

Nikilinganisha juhudi za umoja nilizozisoma, hii ndiyo inayonisadikisha, kwa sababu haikumtaka mtu aache kuwa Degodia au Ajuran. Ilimtaka asimkatalie jirani maziwa.

Katiba ya 2010 ilijaribu kulipa deni. Ilileta ugatuzi, na kanuni ya kwanza ya kugawa fedha baina ya kaunti ilizingatia idadi ya watu kwa asilimia 45, mgao sawa 25, umaskini 20, ukubwa wa eneo 8 na uwajibikaji wa kifedha 2. Kwa kanuni hiyo Mandera ikawa miongoni mwa kaunti zilizopata fungu kubwa zaidi nchini. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru fedha nyingi kiasi hicho zilifika kaskazini bila kuombwa Nairobi. Zahanati zikajengwa, lami ikamwagwa, wanafunzi wakalipiwa karo. Nyingine zililiwa, kama zilivyoliwa kaunti nyingine, na miradi iliyokufa inaonekana kwa macho.

Lakini itazame kanuni hiyo kwa jicho la mzee wa ukoo. Karibu nusu ya fedha ilifuata vichwa. Gavana ni mmoja. Kwa hiyo anayehesabiwa wengi anashinda, na anayeshinda anagawa. Tayari mwaka 2010 Waziri wa Mipango Wycliffe Oparanya alikuwa amefuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za Mandera, Wajir, Lagdera na Turkana, akisema idadi ilipanda kuliko uzazi unavyoweza kueleza, na jambo hilo likaishia mahakamani. Mwaka 2014 mapigano ya Garre na Degodia kwenye mpaka wa Mandera na Wajir yalihamisha maelfu ya watu. Ulikuwa ugomvi wa zamani wa malisho uliopata kichocheo kipya cha bajeti.

Jibu la wenyeji lilikuwa demokrasia ya mapatano. Wazee wa koo hukaa kabla ya uchaguzi na kugawana viti: ugavana huku, useneta kule, bunge kwa zamu. Kwa upande wa amani mpango huu umeokoa maisha. Kwa upande mwingine mpiga kura hubaki na kura iliyokwisha kuamuliwa, na koo ndogo na wanawake huachiwa makombo. Haukosi kukaidiwa. Baraza la wazee wa Garre lilipoamua kwamba waliochaguliwa 2013 wasitetee viti vyao 2017, Gavana Ali Roba wa Mandera aligombea hata hivyo, akashinda. Mwaka huo huo Sophia Abdi Noor alichaguliwa mbunge wa Ijara, mwanamke wa kwanza kushinda kiti cha eneo bunge katika mkoa wote wa zamani. Zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita tangu uhuru.

Al-Shabaab wanajua vizuri ufa uko wapi. Novemba 2014 waliteka basi karibu na Mandera, wakawatenga wasio Waislamu na kuua watu 28, wengi wakiwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Aprili 2, 2015 waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Desemba mwaka huo waliposimamisha basi jingine Mandera na kuamuru abiria wagawanywe, Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wameshawafunika Wakristo kwa hijabu zao. Salah Farah, mwalimu, alipigwa risasi akikataa na akafa Januari 2016. Hadithi hiyo ilizunguka dunia, na ni haki yake.

Kilichofuata hakikuzunguka dunia. Baada ya mashambulizi zaidi, hasa lile la Kamuthe, Garissa, Januari 2020, tume ya kuajiri walimu iliwahamisha walimu wasio wenyeji. Huwezi kumlaumu mwalimu wa Kisii kwa kuokoa roho yake. Lakini kwa kuwa shule za kaskazini hazikuwa zimetoa walimu wa kutosha, madarasa yalibaki kwa vijana waliomaliza kidato cha nne juzi, wakilipwa kijungujiko na wazazi. Watoto hao wakianguka mtihani, mwaka unaofuata hakuna walimu wenyeji, na mduara wa 1965 unarudi kwa jina jingine.

Kuna kipande cha mwisho ambacho bado kiko wazi. Ibara ya 204 ya Katiba iliunda Hazina ya Usawazishaji: nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma, kwa miaka 20. Miaka mingi ya mwanzo ilipotelea kwenye kanuni, kesi na malumbano kuhusu nani aishike fedha, serikali kuu au kaunti. Awamu ya kwanza ililenga kaunti 14. Awamu ya pili ikatafuta maeneo madogo yaliyotengwa hata ndani ya kaunti zenye nafuu, ikayakuta 1,424 katika kaunti 34. Kitakwimu ni haki, maana umaskini upo kila mahali. Kifedha ni maji yale yale kwenye mitungi mingi zaidi.

Muda wa hazina unaisha Agosti 2030. Bunge linaweza kuurefusha, lakini kwa kuungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Tumeshaona kura ya namna hiyo inavyokwenda. Mwaka 2020 maseneta walikwama kwa wiki kadhaa juu ya kanuni mpya ya mgao, upande mmoja ukidai mtu mmoja, kura moja, shilingi moja, upande wa pili ukionyesha kwamba Wajir, Mandera na Garissa zingepoteza mabilioni. Maseneta watatu walikamatwa. Mkwamo uliisha pale serikali kuu ilipokubali kupandisha mgao wa kaunti kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370 ili pasiwe na wa kupunguziwa. Mwaka 2030 hakuna anayeahidi kwamba patakuwa na bilioni za kuongeza, na kaunti tatu za Kaskazini Mashariki zina kura tatu kati ya 47 za Seneti.